Mzee Ndani ya Joka la Umeme

Najua wapo waliofungia samaki wa chumvi gazeti la wiki iliyopita kabla hawajalisoma. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya samaki, nakumbusha kwa ufupi.

Mimi ni Kam Yiu-tong, zamani fundi wa lifti hapa Kowloon, baadaye mtunzi wa muziki wa filamu. Muziki sikufundishwa na mtu. Nilijifunza ndani ya lifti iliyokwama saa kumi na nne kati ya ghorofa ya tisa na ya kumi, nikisikiliza nyaya zinavyonung'unika. Waliponitoa, wenzangu waliokuwa wamekwama nami walitaka maji. Mimi nilitaka karatasi.

Nikanunua mashine kwa Mjapani mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa kubwa kama kabati la bibi harusi, ina matundu mia mbili, nyaya za kila rangi na taa zinazopepesa. Nikaiita Joka la Umeme. Ilitoa sauti ambazo hazina mama wala baba duniani.

Kisha kiyoyozi cha jirani wa juu kikaidondoshea maji mwezi mzima wa nane. Mende wakahamia. Wakala nyaya, wakala gundi, nadhani walikula hata umeme wenyewe. Siku nne kabla ya kurekodi filamu ya *Pepo wa Sayari ya Saba*, Joka likakata roho.

Nilifanyaje? Nilitoa matumbo yote, nikabakiza taa na kisanduku cha mwangwi. Ndani nikaweka kigoda, kipaza sauti, chupa ya chai, na Mzee Lok.

Huyu Mzee Lok alikuwa na miaka sitini na saba, na pengo moja la mbele. Miaka arobaini na mmoja alikuwa akipuliza zumari misibani kule Hung Hom. Ukiliziba zumari lake kwa taulo, ukampa na kipande cha mpira wa kumwagilia maua, alikutolea roketi, upepo wa mwezini na nyota ikipasuka. Filamu ikatoka. Magazeti yakaandika kwamba Kam Yiu-tong ameisikia sauti ya mwaka elfu tatu. Kumbe ni mzee mwenye pengo anapuliza mpira wa bustani.

Msomaji mmoja wa Sham Shui Po ameniandikia kwamba mimi ni mwongo. Namshukuru. Ndugu zangu wa damu walichukua miaka ishirini kugundua.

Sasa tuendelee.

Ilikuwa mwaka themanini na tatu. Simu ililia tukiwa tunakunywa uji. Alikuwa Bosi Hau, mwenye Kampuni ya Filamu ya Korongo Mwekundu.

"Mwalimu Kam!"

"Bosi Hau!"

"Nakupa filamu sita. Mkataba mmoja, sita kwa mpigo."

Mke wangu Bik-wan aliona nimesimama na kijiko kinatiririka uji kwenye suruali. Akajua ama nimefiwa ama nimetajirika.

"Sita, Bosi?"

"Sita. Jumanne tunafungua kamera ya ile ya kwanza, kwa ibada ya ubani. Mkataba utakuwa juu ya meza ya sadaka, pembeni ya nguruwe, upate baraka. Tukimaliza kuinama, unatia sahihi mbele ya waandishi."

"Nitakuja na kalamu yangu mwenyewe."

"Njoo na mashine."

Kijiko kikanidondoka.

"Waandishi wanataka kuiona Joka ikiimba. Nami nimewaahidi. Unanisikia, Mwalimu?"

"Bosi, mashine ni nzito..."

"Nina wapagazi wanne."

"Ni dhaifu kwa vumbi..."

"Uwanja utamwagiwa maji."

"Ina aibu mbele za watu."

Bosi Hau alicheka mpaka simu ikakoroma. "Ndiyo maana nakupenda. Jumanne, saa tatu na dakika tisa asubuhi. Mnajimu kasema ukipita hapo hata dakika moja, filamu inakufa." Akakata.

Sasa lazima mumjue Bosi Hau. Alikuwa na majumba ya sinema, magari mawili na woga mmoja. Msiba. Kwenye kampuni yake, mtu aliyeingia nyumba ya msiba haruhusiwi kusogelea kamera kwa siku mia moja. Aliyepishana tu na gari la maiti aliogeshwa maji ya majani ya balungi getini kutoa nuksi, na suti yake. Mpigapicha mmoja alifukuzwa kwa kuvaa soksi nyeupe, rangi ya msiba.

Na mimi nilikuwa nataka kumpelekea, mbele ya nguruwe wake wa baraka, mtu aliyewasindikiza kaburini watu kama elfu tisa.

"Mwambie ukweli," alisema Bik-wan.

"Nikimwambia, filamu sita zinaondoka."

"Zitaondoka hata usipomwambia. Tofauti ni kwamba utakuwa umevaa suti."

"Mke wangu, mwaka mzima umeninunia kwa sababu sina kazi ya kudumu. Leo imekuja, unanuna tena."

"Sinuni. Natafuta majani ya balungi. Tutayahitaji gunia."

Nilimkuta Mzee Lok nyuma ya nyumba ya misiba, amekaa juu ya ngazi anakaanga karanga kwa jiko la mkaa, joho lake jeupe limetundikwa msumarini.

"Fundi," aliniita. Hata nilipokuwa gazetini kila wiki, kwake nilibaki fundi wa lifti. "Leo nani kafa?"

"Hajafa mtu. Jumanne utaingia ndani ya Joka kwa saa moja tu. Mbele za watu."

Akatafuna karanga moja kwa upande wenye meno.

"Studio ni sawa. Studio tunakuwa wawili, nakohoa nitakavyo. Mbele za watu, hapana. Fundi, mimi masanduku ya maiti nayajua kwa nje. Kwa ndani sina haraka nayo."

"Nitakuwekea taa tatu ndani. Nikichomeka waya mwekundu, taa nyekundu inawaka: roketi. Kijani: mvua. Bluu: kimya kabisa, hata pumzi uikunje."

"Ni shughuli gani?"

Hapa ndipo dhambi yangu ya wiki hii inapoanzia. Ningemwambia tu: kufungua kamera, kuna ubani, kuna kuinama. Lakini Mzee Lok naye ana miiko yake. Mtu wa misiba hapeleki nuksi yake penye heri. Angekataa hata ungemvuta kwa winchi. Nikadanganya.

"Maonyesho ya vyombo vya umeme," nilisema. "Redio, mafeni, majiko ya kupikia wali."

"Kuna chakula?"

"Nguruwe mzima wa kuchoma."

"Kwenye maonyesho ya mafeni?"

"Ni mafeni makubwa."

Akageuza karanga jikoni. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo nalisikia nikinawa uso:

"Nitakuja. Lakini ujue, Fundi, mkono wangu umezoea njia moja miaka arobaini na mmoja. Usinipitishe kwenye hiyo njia."

"Ngozi ya nguruwe, ile inayolia kwa meno, yote yako."

"Haya."

Jumanne ikafika. Saa moja na nusu asubuhi nilimwingiza Mzee Lok ndani ya Joka kwa mlango wa nyuma, wenye komeo dogo la ndani ili mtu asije akafungua. Kwa nje nilibandika kibao cha hatari chenye fuvu. Chini nilikuwa nimetoboa kidirisha chenye pazia jeusi apate kupumua. Wapagazi wanne wakainua.

"Mwalimu, mbona inatikisika ndani?"

"Mafuta ya umeme."

"Umeme una mafuta?"

"Ukiwa mzuri."

Getini alisimama meneja Yip, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuuzia samaki, ndoo mkononi. Kila aliyeingia alinyunyiziwa maji ya balungi kichwani. Bik-wan akanyunyiziwa, akakasirika, nywele zake alikuwa amezitengeneza saluni. Mimi nikanyunyiziwa.

"Na mashine," alisema Yip.

"Mashine haijaenda msibani, Bwana Yip."

"Ilitoka kwa Mjapani. Nani anajua ilikotoka kabla ya hapo?"

Akachota kata nzima, akaimwaga juu ya matundu mia mbili.

Nilifumba macho. Kisha Joka la Umeme likapiga chafya.

Chafya ile ilipita kwenye kisanduku cha mwangwi. Ikarudi mara saba, kila mara kubwa zaidi, kama tembo anayepaliwa ndani ya handaki.

Waandishi walipiga makofi. Mmoja aliniuliza naiandikaje sauti ile kwenye noti. Nikamwambia bado nafanya utafiti.

Uwanjani meza ya sadaka ilikuwa tayari. Machungwa, maua, chungu cha ubani, kamera imefunikwa kitambaa chekundu. Katikati alilala nguruwe, ngozi inang'aa kama viatu vya askari. Pembeni yake, chini ya kisu cha kukatia, ulikuwa mkataba wangu. Filamu sita. Nilianza kuusoma nikiwa mbali. Macho yangu hayajawahi kuona vizuri kama siku ile.

Bosi Hau alikuja na suti ya rangi ya krimu, mnene, ananukia mafuta ya nywele.

"Hiyo ndiyo yenyewe! Iimbe, Mwalimu!"

Nikachomeka waya mwekundu. Roketi ikapaa. Nikachomeka kijani. Mvua ikanyesha, watu wengine wakaangalia juu. Nyekundu na kijani pamoja hatukuwa tumezipangia kitu, lakini Mzee Lok hakukosa la kusema: akatoa mlio wa chui anayeshuka ngazi. Nyota wa filamu, binti mwenye gauni la manjano, akamshika mkono mpigapicha.

"Inafikiri!" alipiga kelele Bosi Hau. "Mnaona? Inafikiri yenyewe!"

"Wakati mwingine inabisha," nilisema, na hapo sikudanganya.

Bik-wan alinisogelea sikioni. "Endelea kujivuna. Saa tatu na dakika saba hiyo."

Nikachomeka bluu. Kimya. Nikashusha pumzi. Kilichobaki ni kuinama na kutia sahihi.

Watu mia mbili walipanga mistari, kila mmoja na vijiti vitatu vya ubani. Moshi ukaanza kupanda, na kwa kuwa Mungu ana ucheshi wake, ukaelekea wote kwenye Joka, ukaingia tundu kwa tundu.

Meneja Yip akajaza kifua. Akaita:

"Inameni mara ya kwanza!"

Tukainama. Hapo ndipo nilipopata akili, na ilikuja kwa kuchelewa kama basi la Jumapili.

Ubani. Kimya cha watu wengi. Sauti ya mtu mmoja inayohesabu. Misibani kwetu huwa hivyo hivyo, neno kwa neno. Wageni wanasimama mbele ya picha ya marehemu, mwitaji anaita, wanainama. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na ya tatu ikiisha tu, mwenye zumari anaanza. Hangoji kuambiwa. Mzee Lok alikuwa ameanza hivyo kila siku ya Mungu tangu mimi niko shule.

"Inameni mara ya pili!"

Nilichomoa bluu, nikachomeka tena. Nikachomoa. Nikachomeka. Nilipepesa taa ile kama meli inayozama.

"Unafanya nini?" alinong'ona Bik-wan.

"Naomba."

"Omba kwa haraka."

"Inameni mara ya tatu!"

Tukainama. Nilipokuwa bado nimeukunja mgongo, nikamsikia akivuta pumzi mle ndani. Pumzi ndefu, ya mtu anayejua kazi yake.

Akaanza.

Taulo alikuwa ameshalitoa kwenye zumari. Hiyo haikuwa roketi. Huo ulikuwa wimbo wa kumsindikiza maiti, ule ambao kila mtoto wa Kowloon akiusikia mtaani huziba masikio na kukimbia kwa mama yake. Na kila mwisho wa mstari, pale pumzi inapomwishia, upepo ulipita kwenye lile pengo la mbele ukatoa kifirimbi kidogo: fyuu.

Binti wa gauni la manjano alidondosha ubani kwenye viatu vyake. Mpigapicha alitema mate mara tatu. Mtu alipiga yowe, "Balungi! Leteni balungi!" Yip akageuka na ndoo, akajikwaa, akaiogesha kamera.

Mimi niliutazama mkataba. Nilikuwa nauaga.

Bosi Hau alikuwa bado amesimama mbele ya meza, amenipa mgongo. Shingo yake ilikuwa nyekundu, kisha nyeupe. Akanyoosha mkono, akachukua kile kisu cha kukatia nguruwe. Akageuka.

"Suti nzuri," alisema Bik-wan taratibu. "Angalau watakuzika nayo."

Bosi Hau alipita mbele yangu kama sipo. Akasimama mbele ya Joka na kisu mkononi. Ndani, Mzee Lok alimaliza mstari wa mwisho. Fyuu.

Kisu kikadondoka.

"Mama," alisema Bosi Hau.

Na mtu yule mnene akapiga magoti kwenye maji ya balungi, na suti yake ya krimu.

Hakuna aliyejua atazame wapi. Yeye ndiye aliyesema, kwa kwikwi, mbele ya waandishi kumi na wawili:

"Mama yangu alikuwa anauza mbogamboga ngazini. Akitaka nije kula, haniiti jina. Anapiga mluzi. Hivyo hivyo. Fyuu. Kijina alichonipa kilikuwa Mbwa Mdogo, ili pepo wabaya wasinione nina thamani wakanichukua. Tulipomzika, mwaka wa tatu sasa, nilipoinama mara ya tatu niliusikia ule mluzi. Niliwaambia ndugu zangu, wakanicheka. Nikasema nimepata wazimu. Tangu siku ile sijaweza kukanyaga msibani. Naogopa kuusikia. Naogopa kutousikia."

Akaweka kiganja juu ya Joka.

"Kumbe umekuja humu, Mama."

Hesabu ilikuwa rahisi, hata kwa fundi wa lifti. Aliyepuliza kwenye msiba ule alikuwa Mzee Lok. Mluzi ulikuwa pengo la Mzee Lok. Mtu mwenye haya angesema. Maneno yenyewe hayazidi matano: Bosi, humo kuna mtu. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

Bosi Hau akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Mwalimu. Ulijua?"

Nikauona mkataba juu ya bega lake.

"Nilihisi," nilisema.

Bik-wan alinikanyaga kidole. Nilivumilia.

Bosi Hau aliinuka, akaokota kisu, akakata ngozi ya nguruwe, ile ya mgongoni, pamoja na ubavu mmoja, akaijaza sahani. Akaiweka mbele ya kidirisha cha chini.

"Inameni nyote. Asiinue kichwa mtu mpaka niseme."

Watu mia mbili wakainama. Mimi nikainama pia, na nikasikia kile nilichojua nitasikia. Kra. Kra kra. Polepole, kwa upande mmoja.

Tulipoinua vichwa, sahani ilikuwa tupu. Palibaki mfupa mmoja tu, umewekwa kwa adabu pembeni.

"Amekula!" Bosi Hau alilia na kucheka. "Hata ngozi! Siku zake za mwisho hakuweza kutafuna. Huko aliko amepata meno!"

"Bado moja la mbele," alinong'ona mke wangu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Bosi Hau alifuta uso kwa kitambaa cha kamera, akawa bosi tena.

"Yip! Lori. Mama anakwenda nyumbani. Mtamweka sebuleni, pembeni ya picha yake. Kila asubuhi atapata chai, kila jioni nyama. Hatoki tena."

"Bosi," nilisema, "mashine inahitaji ukarabati. Kila siku. Mimi peke yangu..."

"Utakuja kila baada ya miezi miwili."

"Kila baada ya miezi miwili?"

"Mwalimu, filamu sita. Nakufanyia kumi na mbili. Mashine nyingine nitakununulia, mpya, ya Kijapani. Hii niachie. Ni mama yangu."

Akachukua mkataba, akafuta sita, akaandika kumi na mbili. Akautia mfukoni mwa koti langu kwa mkono wake mwenyewe.

"Sahihi ni baadaye. Kwanza mlango huu." Alizunguka nyuma, akatikisa kibao cha fuvu. "Unacheza. Njia ya kwenda kwangu ina kona. Ukifunguka, Mama atamwagika njiani. Upigiwe misumari."

Mtu wa mapambo akaleta nyundo na misumari mirefu minne. Bosi Hau hakumwachia kazi. Aliichukua nyundo, akaniwekea mimi mkononi.

"Wewe ndiye uliyemtengenezea nyumba. Piga wewe."

Mnajua mila yetu. Likifungwa sanduku kwa misumari, hatazami mtu, la sivyo kivuli chake kinafungiwa humo. Hakuna aliyetoa amri. Wote waligeuka wenyewe: wapagazi, waandishi, binti wa manjano, Yip na ndoo yake. Bosi Hau naye akageuka. Migongo mia mbili. Bik-wan ndiye aliyekuwa wa mwisho, na kabla hajageuka alinitazama kama ninavyomtazama mende.

Nilibaki mimi, nyundo, na Joka.

"Fundi." Sauti ilitoka kwenye tundu lililo karibu na sikio langu. "Mafeni yenyewe yako wapi?"

"Mzee, nisamehe."

"Wamegeuka?"

"Wamegeuka."

"Wote?"

"Wote."

"Basi nimetoa komeo. Fungua, nitoke, nipite nyuma ya lori. Hakuna atakayejua. Mchukue sanduku tupu, muweke sebuleni, mliwekee chai mpaka lioze."

Wazo lilikuwa safi kuliko yote niliyowahi kuwa nayo mimi. Mlango nilikuwa nimeushika. Ningeuvuta upana wa kiganja tu.

Lakini sanduku tupu halipigi mluzi. Kesho asubuhi Bosi Hau angeweka chai, angesubiri fyuu, isingekuja. Angefungua. Angekuta kigoda na karanga. Na mkataba ule ulikuwa kifuani, una joto kama mkate. Kumi na mbili.

"Nasikia kimya, Mwalimu," alisema Bosi Hau bila kugeuka. "Piga."

"Fundi," ilisema ile sauti. "Nina wajukuu."

"Ni siku mbili tatu tu, Mzee. Nitapata njia ya kukutoa. Kuna nyama, kuna chai..."

"Fundi!"

Nikapiga msumari wa kwanza.

Nakiri, wasomaji wangu. Mmeshaniita mwongo, sasa ongezeni lingine. Uliingia kwa mapigo matatu, maana ufundi wangu wa mikono haujawahi kuwa mbaya.

Nikaweka wa pili. Niliinua nyundo.

Hapo nikasikia kidude kikibonyezwa. Nilikijua kwa mlio wake, nilikifunga mwenyewe. Kilikuwa cha kipaza sauti, na kipaza sauti kilipitia kisanduku cha mwangwi, na kisanduku cha mwangwi kilikuwa kimefunguliwa mpaka mwisho.

"Mbwa Mdogo," lilisema Joka la Umeme.

Ilikuwa sauti ya zamani sana, ya kukwaruza, si ya kike wala ya kiume, ikarudi mara saba toka ukuta hadi ukuta. Migongo mia mbili ikakakamaa.

Bosi Hau hakugeuka.

"Naam, Mama," alisema.

"Kabla hawajanifunga, mwanangu, kuna jambo nataka kukwambia kuhusu huyu aliyeshika nyundo."

"Nasikiliza, Mama," alisema Bosi Hau, na hapo akaanza kugeuka.